Mpango Uliokosa Ukurasa wa Nne

Jumatatu, katikati ya Februari. Buffalo.

Shajara, theluji imekatika tangu alfajiri na jua limetoka, lile jua la hapa la kutazama tu, halipashi mtu joto. Sikuenda kazini. Nilimpigia bosi nikamwambia naumwa. Sikudanganya, ila sikumwambia kinachouma ni nini. Nina hasira. Nina hasira tangu juzi Jumamosi, saa nane kasoro dakika kumi mchana, na kila nikidhani zimepoa nafungua simu na zinapanda upya.

Kwenye kundi la kwaya wanapongezana. "Tulifika salama." "Bwana asifiwe." "Sare zilipendeza kabisa." Kuna mtu ameweka picha ya akina mama kumi na wanne wamejipanga mbele ya basi, kitenge kimoja, bluu na njano, wanatabasamu. Wanatabasamu! Picha hiyo ilipigwa nje ya makaburi ya Louisville, dakika ishirini baada ya sisi kukuta marehemu ameshafukiwa.

Nitaandika kwa mpangilio. Mpangilio ndiyo kazi yangu, na leo ndiyo kitu pekee kinachonizuia kumtumia mtu ujumbe nitakaoujutia.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Machakos. Nilikuja Amherst, kitongoji cha Buffalo, kusoma, nikamaliza, nikabaki. Ofisini napanga miradi ya ujenzi: nani anafika lini, mzigo gani unaletwa na lori lipi, pesa inatoka fungu gani, na nini kinaweza kuharibika. Hicho cha mwisho ndicho ninacholipwa hasa. Tarehe anaweza kuandika mtu yeyote. Mimi nakaa mezani nawaza mabaya. Kreni ikichelewa je? Mvua ikinyesha siku ya kumwaga zege je? Kila baya lina mstari wake, na mbele ya kila mstari kuna jina la mtu na kile atakachofanya likitokea. Wakandarasi hunichukia wiki mbili za mwanzo, halafu mradi ukiisha wananiletea keki.

Jumapili nasali East Side, mashariki mwa mji, kanisa la Wakongo. Nilienda mara ya kwanza kwa sababu nilisikia wanaimba kwa Kiswahili, na nilikuwa na miezi minne sijakisikia isipokuwa kwenye simu. Wananitania kwamba Kiswahili changu ni cha kusoma taarifa ya habari. Nami nawatania kwamba chao kimepoteza ngeli zote njiani kutoka Bukavu. Tunapendana.

Hasa Mama Zawadi. Ana miaka hamsini na kitu, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Baridi yangu ya kwanza hapa alikuja kwangu bila kualikwa, na mfuko wa makoti ya mitumba, akanivisha moja moja mpaka akapata linalonitosha, kisha akafungua friji yangu, akaifunga, akaenda kununua chakula. Tangu siku hiyo ananiita binti yangu. Hapa Marekani sina mama mwingine.

Alikuwa na kaka mmoja aliyebaki hai, Papa Balume. Walikimbia pamoja, wakakaa kambini pamoja miaka kumi na moja. Faili la Mama Zawadi likaitwa kwanza, akaletwa Buffalo. La kaka yake likaitwa baadaye sana, akapelekwa Louisville. Miaka sita wamekuwa nchi moja, na hawajaonana hata mara moja. Dada akipata likizo, kaka yuko shifti. Kaka akipata, dada mtoto wake anaumwa. Kila Jumamosi walipigiana simu na kila Jumamosi walisema mwaka huu hauishi hatujaonana.

Papa Balume alifariki Jumapili ya wiki iliyopita, moyo, akiwa anafunga viatu kwenda kanisani. Familia ya Louisville ikatangaza maziko Jumamosi, saa saba mchana, na kuaga mwili kuanzia saa nne asubuhi.

Jumatatu jioni tukakutana kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, comité nzima, yaani kamati ya kanisa. Mama Zawadi alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, na kabla kikao hakijaanza alisema jambo moja tu. "Mi nataka nione sura yake. Basi. Mengine mutapanga."

Sura yake. Hilo ndilo lilikuwa lengo la mradi, Shajara. Siku zote nawaambia wanafunzi wa mafunzo ya kazi ofisini: andikeni lengo juu kabisa, kwa sentensi moja, ili mkipotea mrudi kulisoma. Sijawahi kupewa lengo lililo wazi kama hilo.

Nilikuwa nimeandaa mpango wa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza njia na saa. Tungetoka Buffalo Ijumaa saa sita mchana, tungepitia Columbus kuwachukua watu wa kwaya ya ndugu zetu kule, na saa tatu usiku tungekuwa Louisville tumelala. Ukurasa wa pili orodha ya wasafiri. Wa tatu bajeti. Kuwachukua watu wa Columbus lilikuwa wazo langu, kwa sababu walichangia nusu ya gharama ya basi, na bila wao tusingeweza kukodi. Ndani ya bajeti niliweka fungu la dharura, lisiloguswa mpaka kitu kiharibike.

Ukurasa wa nne niliupa kichwa: Yanayoweza Kuharibika.

Nilikuwa na mistari mitano. Theluji ya ziwani, ambayo kila mtu wa Buffalo anaijua. Watu kuchelewa kutoka. Watu wa Columbus kutokuwa mahali pamoja. Mstari wa nne ulihusu dereva: sheria hapa haimruhusu dereva wa basi kuendesha zaidi ya saa kumi, akifika hapo lazima apumzike saa nane. Na Buffalo mpaka Louisville kwa kupitia Columbus ni saa tisa kwenye lami kavu. Tulikuwa na saa moja tu ya kuchezea. Nikaandika: tukodi dereva wa pili, alipwe na fungu la dharura. Mstari wa tano niliuandika kwa herufi kubwa. Makaburi ya hapa hayangoji mtu. Kwetu, iwe Machakos au Bukavu, hakuna anayemfukia mtu huku dada yake yuko njiani. Hapa kuna fundi wa mashine na ratiba yake, na baada ya kaburi lako ana kaburi lingine.

Mwenyekiti wetu ni Papa Ezekieli. Si mtu mbaya, na ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningemchukia nikamaliza. Nusu ya wanaume wa kanisa wana kazi kwa sababu aliwaombea kwenye ghala anakosimamia. Alisoma kurasa tatu akiitikia kwa kichwa kwa furaha. Alipofika ya nne akavua miwani.

"Dada Mumbua," akasema, "hii page ya ine tunaitosha. Unaandika asema bus itakwama? Bon, itakwama. Sisi ni watu ya imani. Hatuwezi kwenda kuzika na karatasi yenye inaita mabaya."

Kutosha kwao ni kutoa. Wengine wakaitikia. Mama mmoja akasema kwao ukitaja ajali safarini, umeipa jina lako. Mhazini, Mama Furaha, akaongeza kwamba kwa kuwa hakuna baya litakalotokea, lile fungu la dharura linakaa bure. "Donc tununue kitenge. Tutafika kilio hivi hivi, kila mutu na rangi yake, sawa watu ya stesheni?"

Kwa hiyo dereva wa pili akageuka vitambaa. Hivyo tu, dakika tatu.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Papa Ezekieli hakuung'oa ukurasa ule. Aliniomba mimi. Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akatabasamu, akaniita "ingénieur wetu." Nami nikaung'oa. Nilivuta taratibu ili pini isiharibu kurasa nyingine, nikaukunja mara mbili, nikautia mfukoni. Wakasema amina. Mama Zawadi naye alisema amina.

Ningekuwa ofisini ningesimama. Mwaka jana nilisimamisha kazi ya mkandarasi mwenye ndevu mpaka kifuani, siku mbili nzima, kwa sababu hakuwa ameniandikia mabomba yakichelewa atafanya nini. Nilipiga meza. Lakini pale kanisani nilikuwa Mkenya mmoja katikati ya Wakongo thelathini, na nilitaka kupendwa. Nilitaka kuendelea kuwa binti wa Mama Zawadi bila kuwa yule msomi wa Amherst anayewafundisha wakimbizi jinsi ya kuomboleza. Nikajiambia ni heshima.

Ilikuwa woga.

Ijumaa saa sita mchana basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya kanisa, injini inanguruma, dereva wetu mzee wa Kimarekani anakunywa kahawa. Watu wote walikuwepo. Nilipoona wote wako, hata wale ninaowajua kwa kuchelewa, nikaanza kuamini labda Papa Ezekieli ana namba ya siri ya mbinguni. Ndipo Mama Furaha akatangaza kwamba fundi cherehani bado ana magauni matano.

Nikasema tuondoke, matano yavaliwe bila sare. Wakanitazama kama niliyependekeza waende uchi. Kwenda kilio wengine wamevaa na wengine hawajavaa ni kuwatenga wafiwa, walinieleza kwa upole, hata Mama Zawadi akanieleza, akinipapasa mkono. Akasema watamaliza sasa hivi. Sasa hivi ikawa muda wa saa nne. Tuliondoka saa kumi jioni, wote bluu na njano, na kwa hesabu yangu ile saa moja ya kuchezea ilikuwa salama bado, kwa sababu saa za dereva hazihesabiwi basi likiwa limesimama. Nilijifariji hivyo. Nilikuwa bado najumlisha na kutoa kichwani.

Kabla hatujafika mji wa Erie theluji ikatukuta. Haikuanguka, ilikuja kwa ubavu kutoka ziwani, nyeupe, mpaka taa za gari la mbele zikapotea. Tulitambaa. Ndani ya basi waliimba, na waliimba vizuri, siwezi kukataa. Tungeondoka saa sita tungeipita kabla haijaanza. Nilikuwa nayo kwenye simu, ile ramani ya hali ya hewa, lile doa la zambarau likisogea kwa saa ile ile waliyoandika. Nilimwonyesha Papa Ezekieli. Akaniambia, "Tutafika, dada," kwa sauti ya kumtuliza mtoto, na nyuma ya kiti cha dereva Mama Zawadi akarudia, "Tutafika."

Tukaingia Columbus saa tano na nusu usiku. Dereva akaonyesha kifaa chake cha kuhesabu saa. Saa saba na nusu zimekwisha, zimebaki mbili na nusu, na Louisville ni tatu na nusu mbele. Hasogei. Atalala mpaka saa moja na nusu asubuhi. Mwanamume mmoja akataka kumpa pesa kidogo ili aendelee, na mzee yule akakasirika, akasema leseni yake imelisha watoto watatu. Mimi peke yangu nilimwelewa.

Ndugu wa Columbus walitugawa majumbani mwao, wakatutandikia. Hapo bado tulikuwa na nafasi, Shajara. Nataka hili lieleweke. Kuondoka saa moja na nusu asubuhi kungetufikisha saa tano, muda wa kuaga ungekuwa haujaisha, na Mama Zawadi angeingia kwa miguu yake na kuiona sura ya kaka yake.

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimesimama kando ya basi peke yangu na dereva. Watu wa Columbus hawakuwa mahali pamoja, kwa sababu kiongozi wao aliona si vizuri wazee watembee kwenye barafu, basi liwafuate. Walikuwa kwenye maghorofa matatu, pande tatu za mji. Na kwenye jengo la kwanza tukakuta wamepika. Wamepika tangu usiku. Fufu, sombe ya majani ya muhogo, samaki, nyama ya mbuzi. Wenyeji hawawezi kuuacha msafara wa kilio upite mlangoni bila kunawa mikono na kula, na msafara hauwezi kukataa, kwa sababu kukataa ni kusema hamlii pamoja nao.

Nilipiga kelele. Naandika bila aibu. Nilisimama katikati ya sebule ya watu nikasema, "Tunachelewa kuzika! Wekeni kwenye mifuko!" Papa Ezekieli akanikaribia, akaninong'oneza, "Dada, kilio haina hasira." Halafu akaomba radhi kwa niaba yangu, na maombi ya radhi yakafuatwa na maombi ya chakula, na chakula kikaliwa. Mama Zawadi alikula vijiko viwili ili asiwavunje moyo. Nilimwona akitazama saa ya ukutani.

Tuliondoka Columbus saa tatu na nusu. Cincinnati palikuwa na foleni ya darajani. Saa saba kamili, saa ya maziko, tulikuwa tunapita mashamba ya Kentucky na simu ya Mama Zawadi ikaita. Alisikiliza. Akasema, "Tuko karibu." Tulikuwa tumebakiza dakika hamsini.

Nilishaandika mwanzoni saa tuliyofika.

Kaburi lilikuwa limejazwa, udongo umesawazishwa, maua juu. Mashine ndogo ya njano ilikuwa inaondoka, inapiga ile honi yake ya kurudi nyuma. Mjane alikuwa bado amesimama na watu wachache, wameganda kwa baridi. Mama Zawadi alishuka wa kwanza, na viatu vyake vya kanisani kwenye tope lenye barafu, akauliza, "Ni wapi?" Alikuwa amesimama mbele ya kaburi lenyewe.

Hakulia. Alikaa chini. Kitenge kipya kikalowa.

Papa Ezekieli akaomba. Alimshukuru Mungu kwa kutulinda barabarani, kwa theluji ambayo haikutudhuru, kwa dereva, kwa umoja wetu. Alishukuru kwa machozi ya kweli, namfahamu, haigizi. Nilifumbua macho katikati ya maombi na nikamtazama, na nilimchukia kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Kisha mtu akasema tupige picha tukiwa tumevaa hivi hivi.

Jana tulirudi.

Leo saa tano asubuhi, nikiwa bado na nguo za kulalia, Mama Zawadi akanipigia simu. Familia ya Louisville imemtumia video ya maziko, ile waliyorekodi kwa ajili ya ndugu wa Bukavu. Hataki kuiangalia peke yake. Nikaendesha gari kutoka Amherst mpaka East Side nikiwa nimejiandaa kuona wale watu wa makaburi wakimfukia bila huruma. Nilikuwa nimeshatunga maneno yao, nimeshawatungia sura. Nilihitaji mtu mwingine wa kumkasirikia.

Tulikaa kwenye kochi lake, simu tumeiegemeza kwenye bakuli la sukari.

Video ina dakika arubaini na tatu. Jeneza liko juu ya mikanda. Mchungaji anamaliza kusoma, halafu anasema, "Tunangojea dada yake. Dada yake iko njiani, anatoka Buffalo." Na aliyeshika simu anaigeuza kuelekea lango la makaburi.

Ikabaki hapo.

Lango, barabara, theluji kidogo pembeni. Gari jeupe linakuja, linapita. Unasikia watu wanakanyaga-kanyaga chini wapate joto. Gari lingine linapita. Sauti ya mjane inasema wamefunua jeneza tena, dada akifika aone. Mtu anasema, "Hii njo bus?" Si basi. Fundi wa mashine anaingia kwenye picha, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, ananyoosha kidole kwenye saa yake. Mchungaji anamwomba dakika tano. Anampa. Zinaisha. Anampa nyingine tano. Anavua glavu, anampa mjane azivae. Anampa nyingine. Mstari wangu wa tano, ule wa herufi kubwa, ulikuwa uongo. Walingoja. Nusu saa nzima walingoja kwenye baridi ile, hata mtu ambaye hakutujua.

Aliyerekodi hakuielekeza simu kwenye jeneza hata mara moja. Nadhani ni kwa heshima, hakutaka kumpiga marehemu picha. Mama Zawadi alikuwa amesogeza uso mpaka karibu na kioo, anatafuta, na alichopewa ni lango. Mwishoni unasikia tu mjane akisema, "Bafunike," na mashine inawaka.

Video ikaisha. Mama Zawadi alifuta kioo cha simu kwa ncha ya kanga, ingawa hakikuwa na kitu.

"Binti yangu," akasema, "ile siku mupango yako ilikuwa na page ya ine. Mi nilisema amina tu, sikuisoma. Ilikuwa inasema nini?"

Nikamwambia. Mstari kwa mstari, kwa sababu ninaukumbuka wote. Theluji. Kuchelewa kutoka. Columbus. Saa za dereva na dereva wa pili.

"Donc ulijua."

"Nilijua, mama."

"Na ni weye njo uliitosha?"

"Ni mimi."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Alikaa akitazama mikono yake, ile inayogeuza wazee wa watu wengine kitandani, na baadaye akanyoosha kidole kimoja, akairudisha video mwanzo. "Kaa," akaniambia. "Tuangalie tena." Nikakaa. Nilitazama lango lile mara ya pili, dakika zote, na safari hii nilijua ni nani aliyemfanya mama asiwemo.

Nimerudi nyumbani. Simu ina ujumbe wa Papa Ezekieli kwenye kundi: Pasaka kwaya zote tatu zinakutana Columbus, na comité imekubali kwa sauti moja kwamba Dada Mumbua atupangie tena. Kuna mioyo ishirini chini yake. Sijajibu. Nimeandika majibu manne na yote nimeyafuta. Yote yalikuwa yanamhusu yeye: imani yake, vitenge vyake, maombi yake marefu. Yalikuwa matamu kuandika.

Jumapili nitaomba nafasi wakati wa matangazo, nisimame mbele ya kanisa zima, na Mama Zawadi akiwa kiti chake cha pili kutoka mbele. Yaliyotokea nitayasema yote, sitakunja hata mstari. Hasira ninazo za kutosha kuzungumza saa nzima. Swali lililonikalisha hapa mezani tangu mchana ni dogo tu: nitaanza na jina la nani?

La kwanza litakuwa langu.